Gari lililoungua likiwa limezimwa

Jirani alinigongea dirisha saa nane usiku. Gari nilikuwa nimeliegesha tangu jioni, ufunguo uko mezani, injini imeshapoa, na sasa moshi unatoka chini ya boneti. Zimamoto walipomaliza kazi, sehemu ya injini ilikuwa vyuma vitupu na majivu, lakini ndani walipawahi. Dashibodi iliyeyuka upande mmoja tu. Usiku ule sikujua kwamba huko kuwahi kungekuja kunisaidia.

Bima yangu ilikuwa ile ya kumlinda mtu wa tatu, kwa hiyo hasara ilikuwa yangu peke yangu. Nikaiandikia kampuni iliyolitengeneza gari. Baada ya wiki tatu likaja jibu la aya moja: gari limefungwa redio isiyotoka kiwandani, chanzo ni waya za redio, dhamana haihusiki.

Redio niliifunga kweli, wala sikuficha. Kilichoniudhi ni kwamba waliyajua yote hayo bila mtu wao hata mmoja kulitia machoni gari lenyewe.

Hapo nilikaribia kuharibu kila kitu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishakuja, tumeshapatana bei. Fundi wangu wa umeme akanikemea: "Ukiliuza hilo gofu, ndugu yangu, utawapelekea nini? Maneno?" Nikalifunika turubai, nikalipiga picha kila pembe, nikakataza mtu kugusa hata waya mmoja. Muda si mrefu wakala wa kampuni akajitolea kulivuta bure hadi karakana kwake, eti likachunguzwe. Nikamshukuru, nikamwambia litachunguzwa hapo hapo lilipo, na mtaalamu wangu akiwepo. Ada ya mtaalamu huyo iliniuma kama jino.

Siku ya uchunguzi mtu wa kampuni alianza na kauli kwamba gari lililozimwa haliwezi kujiwasha moto. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamkumbusha kwamba kati ya 1999 na 2009 Ford iliyaita magari zaidi ya milioni 14 yarudi kurekebishwa kwa ajili ya swichi moja ndogo ya kidhibiti mwendo (cruise control), iliyobaki na umeme na kuweza kuwasha moto hata gari likiwa limezimwa. Akanyamaza, akavaa glavu.

Mtaalamu wangu alianzia kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi, kile kilichosalimika. Fyuzi ya redio, ya ampea 10, ilikuwa nzima. Waya za redio zingepiga shoti, hiyo ndiyo ingekatika kwanza. Kisha akahamia kwenye injini, akaufuata waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri. Mafundi huuita waya wa moto, maana umeme haukatiki humo hata ukizima swichi, na kwenye gari langu haukupitia fyuzi yoyote. Pale unapokwaruzana na brakati, yaani kishikilio cha chuma, shaba ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama tone la nta, na brakati yenyewe imeliwa kitobo.

Mtu wa kampuni akasema moto ulianza kwingine, ukaunguza plastiki ya waya, ndipo shoti ikatokea. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mtaalamu wangu mwenyewe alikiri kwamba tone la shaba peke yake halisemi kipi kilitangulia.

Nikaona gari langu halitoshi, lazima nipate mengine. Nikaanza kuwasimamisha wenye magari ya toleo na mwaka ule ule, kwenye maegesho na vituo vya mafuta, nikiwaomba wafungue boneti. Wengi waliniona tapeli. Watatu walikubali. Kwa wawili, plastiki ya waya ilikuwa imelika pale pale penye brakati, na kwa mmoja shaba ilishaanza kuonekana. Kwa ridhaa yao nikapiga picha, nikaandika namba za chasi, nikatuma nakala moja kwa kampuni na nyingine kwa mamlaka ya usalama wa magari, na kila barua ikitaja kwamba upande wa pili nao umepata nakala.

Sauti ya kampuni ikabadilika ndani ya siku kumi. Walileta makubaliano: wanalipa thamani ya gari siku moja kabla ya moto pamoja na ada ya mtaalamu, bila kukiri kosa, nami nisimwambie mtu. Maneno ya kutokiri kosa niliyaacha yalivyo, hayakunipunguzia kitu. Sharti la kunyamaza nililipiga mstari, nikairudisha karatasi. Ilikaa kwao mwezi mzima kabla ya kurudi ikiwa imesahihiwa, mstari wangu ukiwa palepale.

Yule mwenye waya ulioonyesha shaba hakusubiri barua ya kiwanda ya kuliita gari lake. Fundi wangu alimkatia kipande cha mpira wa maji, akakipasua kwa urefu, akauvisha waya na kuufunga mbali na brakati.