Chai ya Asubuhi na Sufuria ya Usiku Mjini Guangzhou

Mwenyeji wangu aliponiambia kwamba kesho yake asubuhi angenipeleka kunywa chai, nilikula mkate hotelini kabla ya kutoka, kwa kuwa nilidhani tunakwenda kunywa chai tu. Ilikuwa mwezi wa Aprili, na kama wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam, nilikuwa nimekwenda Guangzhou, kusini mwa China, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya bidhaa yaliyoanza mwaka 1957, ambayo siku hizi hufanyika kila Aprili na Oktoba.

Wakantoni, wenyeji wa huko, ambao ndio wenye dim sum, yaani vitafunio vidogo vya kunywea chai, wakialikana husema yam cha, yaani kunywa chai, na hilo cha ni neno lile lile lililosafiri kupitia Uajemi na Bara Hindi hadi likawa chai yetu. Chai ndiyo mwenye karamu; vyote vinavyoletwa mezani katika vikapu vya mianzi ni vitafunio vyake. Aliyelelewa kwa chai na vitumbua anaelewa mara moja.

Tulifika saa moja unusu, na ukumbi ulikwisha jaa wazee, wengine na magazeti, wengine na wajukuu. Mwenyeji wangu aliagiza pu'er, chai nyeusi yenye harufu ya udongo ulioloa mvua, akaimimina ile ya kwanza juu ya vikombe na bakuli zetu ili kuvisuuza, kisha akaimwaga. Kila aliponijazia kikombe niligonga meza taratibu kwa vidole viwili, kama alivyonifundisha, na hiyo ndiyo asante yao isiyokatiza mazungumzo. Birika lilipokauka aliuegesha mfuniko wake upande, na mhudumu akaleta maji ya moto bila kuitwa.

Nilichokipenda kuliko vyote ni har gow, kitafunio cha kamba wa baharini aliyefungwa ndani ya ngozi nyembamba. Ngozi yake hutengenezwa kwa wanga wa ngano, si kwa unga wa kawaida, ndiyo maana ikiiva kwa mvuke huwa angavu hata ukauona wekundu wa kamba aliye ndani. Niliinua moja kwa vijiti nikaielekeza dirishani, nikaiona mikunjo yake midogo iliyobanwa kwa vidole upande mmoja tu, mmoja baada ya mwingine, na nikaona haya kuitia mdomoni kwa haraka.

Hapa niseme wazi kwa ajili ya wasomaji Waislamu. Kuuliza kama ndani kuna nyama ya nguruwe hakutoshi, kwa sababu hata har gow ya kamba mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Mwenzangu wa Unguja, katika safari iliyotangulia, alihakikishiwa na mhudumu wa mkahawa mmoja kwamba sahani yake ni salama, akaja kuambiwa ukweli amekwisha kula nusu. Hilo lilimuumiza sana, na mimi pia. Tafuteni maandishi 清真, yasomwayo qingzhen, ambayo ndiyo alama ya chakula halali.

Kwa hiyo usiku tulikwenda sote kwa Wahui, Waislamu wa China, kula huoguo. Maana ya neno hilo ni sufuria ya moto, wala halihusiani na hotpoti zetu za kuhifadhia chapati. Mezani paliwekwa sufuria ya shaba yenye bomba katikati lililojaa makaa, na kulizunguka bomba hilo maji yaliyotiwa tangawizi na vitunguu vya majani tu. Nyama ya kondoo ilikuwa imekatwa nyembamba hata maua ya sahani yakaonekana chini yake. Unaishika kwa vijiti, unaiyumbisha ndani ya maji, na wekundu unapogeuka kijivu unaitoa na kuichovya katika rojo la ufuta; ukiiacha ili umalizie hadithi yako, imekwisha kukauka. Nyama hutangulia, kisha kabichi na tofu, na tambi huja mwisho, wakati maji yale yamekwisha kuwa supu nzito yenye ladha ya kila kilichopitia humo.

Mwenzangu, ambaye asubuhi ile alikunywa chai peke yake chumbani, ndiye aliyeagiza sahani ya tano ya nyama.