Diski D iko wapi?

Swali hilo aliniuliza mzee wetu wa masijala Jumatatu asubuhi, siku ya kwanza ya kompyuta yake kuwa na Linux, mfumo endeshi wa bure tuliouweka mahali pa Windows. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mkono mmoja ameuweka juu ya egemeo, anatazama kioo kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishiwa ukuta wa pili. "Mwanangu, D yangu iko wapi?"

Ijumaa iliyotangulia alikaa ukumbini saa tatu nzima akinisikiliza. Nilieleza mfumo endeshi ni kitu gani, Linus Torvalds alivyoutangazia ulimwengu mradi wake wa Linux mwezi Agosti mwaka 1991, kwa nini msimbo wa Linux, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote kuusoma, na tofauti ya matoleo yake kama Ubuntu, Debian na Mint. Slaidi 40. Mambo hayo nayapenda kwa moyo wote, na nilijiandaa wiki mbili. Nilipouliza kama kuna swali, watu 23 walitikisa kichwa. Nikatoka pale nikiamini wameelewa.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi huu wenzangu watatu wa fani hii ya kompyuta wameniuliza tulihamaje kutoka Windows, na wote wanaanzia palepale: mlichagua toleo gani? Toleo ni jambo la siku moja. Kilichoninyima usingizi ni mafunzo.

Sababu ya kuhama nitaipitia haraka. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kati ya kompyuta zetu 26, 17 hazikufuzu. Zilikuwa nzima kabisa: RAM ya GB 8, diski za SSD, hazikwami wala hazichemki. Kuzitupa niliona ni dhambi. Tukachagua Linux Mint 22, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itaendelea kupata masasisho hadi mwaka 2029. Basi.

Kwa majaribio nilikuwa nimebadilisha mashine nne tu. Kufikia saa nne ya Jumatatu hiyo simu yangu haikupumzika. Mzee anatafuta D. Mhasibu ana barua ya ukurasa mmoja ambayo sasa imekuwa kurasa mbili, na sahihi ya mkurugenzi imeangukia peke yake kwenye ukurasa wa pili. Msaidizi wake amenakili faili kwenye flashi, akaipeleka kwenye kikao, na faili haifunguki. Dada wa mapokezi anaandika nywila na haikubali, kumbe kitufe cha herufi kubwa kimewashwa. Hakuna hata mmoja aliyenipigia kuuliza habari za Torvalds.

Jumatano nilizirudisha zote nne kwenye Windows na kumwomba mkurugenzi miezi miwili. Aliniuliza swali la haki: "Mbona jiji la Munich lilihama na likarudi?" Alikuwa amesoma. Ni kweli, baraza la jiji hilo la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, kazi ikaendelea hadi 2013, na mwaka 2017 likaamua kurudi Windows. Sikumficha. Nilimweleza pia habari ya Gendarmerie, polisi wa kijeshi wa Ufaransa, ambayo haikuhama kwa siku moja: mwaka 2005 ilibadilisha programu za ofisi, mwaka 2006 ikabadilisha kivinjari na barua pepe, na ni mwaka 2008 tu ndipo ilipoanza kuugusa mfumo endeshi wenyewe, ikahamia Ubuntu. Hadi leo haijarudi nyuma. Watu walipofika kwenye mfumo mpya walikuta programu wanazozijua zinawasubiri. Mkurugenzi alifikiri kidogo, akanipa miezi yangu miwili.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuacha kufundisha. Nilichukua daftari, nikaenda kukaa pembeni ya watu. Siku tatu. Nilimwomba kila mmoja afanye kazi yake kama kawaida, nami nikaandika anachobofya.

Kwa mzee wa masijala nilijifunza jambo ambalo hakuna kitabu kilichonifundisha. Hasomi maneno kwenye kioo. Anafungua D, anashuka folda ya tatu, anaingia kwenye mwaka, halafu herufi ya kwanza ya jina la mteja, na wakati huo wote macho yake yako kwenye karatasi iliyo mezani. Mkono unakwenda wenyewe, kwa miaka 12 sasa. Kwake yeye D si herufi ya diski. Ni kabati, na anajua kila droo ilipo hata gizani.

Linux haina D. Diski zote zinaning'inia kwenye mti mmoja unaoanzia kwenye alama ya mkwaju (/), na flashi ukiichomeka inajitokeza kwenye tawi liitwalo media. Naweza kuueleza mti huo kwa saa nzima, na siku ile ya ukumbini niliueleza. Alichokihitaji mzee kilinichukua dakika kumi: niliiweka ile sehemu ya zamani ya diski ijifungue yenyewe kompyuta ikiwaka, kwa kuwa Linux inasoma na kuandika NTFS, muundo wa diski za Windows, bila shida, kisha nikaweka njia ya mkato kwenye kioo cha mwanzo na kuipa jina la herufi moja, D. Folda zilezile, kwa mpangilio uleule. Alipoifungua alishuka hadi ya tatu, akaingia, akatoka. Akavuta kiti, akakaa.

Kuna mwenzangu aliyeniambia nawadekeza, kwamba wajifunze mfumo ulivyo. Sikubaliani naye hata kidogo. Mzee huyu ndiye ambaye ofisi nzima humkimbilia likitafutwa jalada la mwaka 2014. Ukimwamsha asubuhi moja awe mtu asiyeweza kufungua faili mbele ya vijana aliowapokea kazini, hujamfundisha kompyuta, umemvua nguo. Mti wa folda atauelewa taratibu, akiwa ameketi kwenye kiti chake na heshima yake.

Heshima ndiyo iliyofanya ukumbi ule unyamaze. Hilo nililigundua kwa mhasibu. Mbele ya watu hakuuliza chochote. Nilipokaa naye ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa, aliniuliza maswali 14 kwa dakika arobaini, na yote yalikuwa maswali ya mtu mwenye akili kali. Nikamuuliza kwa upole kwa nini hakuyauliza Ijumaa ile. Akanijibu, "Wale waliokaa nyuma yangu nimewafundisha kazi mimi. Nitaanzaje kuuliza pa kubofya?"

Kwa hiyo nilibadilisha mpangilio wote. Wakuu wa idara walikuja kwanza, peke yao, siku kadhaa kabla ya watu wao. Zamu ya wasaidizi ilipofika, tayari mkuu wao alikuwa anajua kitu cha kuwaonyesha, na wengine walikuja kusimama pembeni na kusaidia. Ukiniuliza ni kipi kilichookoa mafunzo haya, nitakutajia hicho kabla ya kingine chochote.

Wiki sita za mwanzo hatukuiondoa Windows. Tuliweka LibreOffice, programu huria za kazi za ofisi, na kivinjari cha Firefox kwenye mashine zilezile za zamani, watu wakazizoea mahali wasipoogopa. LibreOffice ina mpangilio wa tabo unaofanana sana na ule waliouzoea, upo kwenye menyu ya mwonekano, na nilimwonyesha kila mtu achague mwenyewe kati ya huo na ule wa menyu za kawaida. Barua ya mhasibu nayo ilipata dawa katika wiki hizo. Iliandikwa kwa fonti ya Calibri, ambayo haiji na Linux. Kompyuta ikaweka fonti nyingine yenye herufi pana kidogo, mistari ikasukumana, na sahihi ikaanguka. Kuna fonti huria iitwayo Carlito, ambayo kila herufi yake ina upana sawasawa na wa Calibri. Nilipoiweka kwenye Linux, barua ilirudi kwenye ukurasa mmoja na sahihi ikapanda mahali pake. Mhasibu alichapa nakala, akaiweka juu ya nakala ya zamani, akaziinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ilikaa mmoja juu ya mwingine. Baada ya hapo nadhani ndipo alipoanza kuniamini.

Vikao vyenyewe vilikuwa vya watu watano, dakika tisini, asubuhi, kila mtu na kazi yake halisi ya siku hiyo. Projekta niliiacha kabatini. Nilijiwekea sharti moja: sishiki kipanya cha mtu. Ni sharti gumu kuliko unavyofikiri. Unamwona mtu anazunguka, mshale unapita juu ya kitufe chenyewe mara tatu, na mkono wako unawasha kutaka kumsaidia. Nilikuwa naifunga mikono nyuma. Akifika mwenyewe, kesho anafika tena.

Somo la flashi nililifanya kwa vitendo. Nilimpa kila mmoja faili kubwa isiyo na kazi, aikopi kwenye flashi, na mara tu mstari wa maendeleo unapofika mwisho aichomoe. Kisha aichomeke kwenye kompyuta ya jirani, aifungue. Baadhi zilifunguka, tatu kati ya tano zilikataa. Kimya. Hapo ndipo nilipoeleza kwamba mfumo huu hulipokea faili kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, halafu huliandika kwenye flashi taratibu nyuma ya pazia. Hadi ubonyeze kile kimshale kilicho pembeni ya jina la flashi na usubiri ujumbe wa kuruhusiwa kuchomoa, kazi haijaisha. Zamani Windows nayo ilikuwa hivyo, ila tangu matoleo ya mwishoni mwa 2018 imewekwa kwa kawaida ili flashi ichomolewe haraka, na mikono ya watu ikazoea kunyakua. Tangu kikao kile sijapokea tena faili iliyoharibika kwa njia hiyo. Msaidizi wa mhasibu, yule aliyeaibika kikaoni, sasa huwazuia hata wageni wasichomoe.

Jambo lililotusumbua kuliko nilivyotarajia ni herufi kubwa na ndogo. Kwenye Linux, "Mishahara" na "mishahara" ni faili mbili tofauti, na zinaweza kukaa folda moja bila kugombana. Tulipata nakala mbili za jedwali moja, kila moja na marekebisho yake, na kuzipatanisha kulichukua mchana mzima. Tukakubaliana: majina yote kwa herufi ndogo, tarehe ianze kwa mwaka.

Kwa kila meza niliandaa karatasi moja, upande mmoja, mistari saba. Niliiandika kwa maneno ambayo watu wenyewe huyatumia. Nusu ya ofisi yetu inakiita kivinjari "Google", basi kwenye karatasi kimeandikwa Google, na picha ndogo ya Firefox pembeni. Neno sahihi watalipata njiani. Wa kunisaidia kujibu maswali naye sikumchagua kwa ujuzi wa kompyuta. Nilimchagua dada wa mapokezi, kwa sababu tangu zamani watu humuuliza kila kitu na hajawahi kumfanya mtu ajione mjinga. Katika wiki ya pili alikuwa anajibu maswali mengi kuliko mimi.

Kwenye kona ya chumba cha printa niliacha kompyuta moja yenye Windows, wazi kwa yeyote atakayekwama. Niliwaambia waziwazi: hakuna atakayeulizwa kwa nini ameitumia. Wiki ya kwanza baada ya kuhama niliona watu wakienda pale mara 11. Wiki ya tatu mara mbili, na zote mbili kwa jambo moja.

Jambo hilo bado lipo. Ni jedwali la bajeti la Excel lenye makro, yaani amri ndogo zinazopiga hesabu zenyewe, zilizoandikwa miaka tisa iliyopita na mtu aliyekwishahama kazi. LibreOffice inaendesha baadhi ya makro hizo, nyingine inazikataa, na moja inatoa jibu ambalo si sahihi bila kutoa onyo, na hiyo ndiyo inayonitisha. Nimeikata kompyuta ile ya kona kutoka kwenye intaneti ili ibaki na kazi hiyo moja tu. Mhasibu amesema hataki niandike makro upya kwa niaba yake. Anataka tukae naye, tufungue ile ya zamani mstari kwa mstari, aelewe inapiga hesabu gani. Tumepanga Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi, na amesema mlango uachwe wazi ili wasaidizi wake nao waje kusikiliza.