Siku moja na vidukari wasiokufa kwa dawa

Saa 12:30 asubuhi. Umande bado umelala kwenye ngano, na kidukari aliyelowa hunata kwenye kichupa cha kupimia akafa kwa maji badala ya dawa. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua sampuli za kupima usugu, huu ni muda wa kumhoji mkulima anayelalamika kuwa dawa haiui. Alipulizia lini, dozi gani kwa hekta, maji lita ngapi, nozeli ipi, jua lilikuwaje? Malalamiko mengi ya "dawa imeshindwa" huishia hapa hapa. Dawa za kundi la pairethroidi huua kwa kumgusa mdudu, haziingii ndani ya mmea, na joto likipanda nguvu zake hupungua. Kidukari aliyejibanza kwenye shina karibu na udongo huenda hakufikiwa kabisa, na huo si usugu.

Saa 1:30. Sampuli. Kwa sehemu kubwa ya msimu majike huzaa bila dume, na watoto huwa nakala za mama yao. Ukikusanya kundi zima la kwenye suke moja utakuwa umempima mama mmoja tu. Nachukua wachache kwa kila mmea, kisha nasogea hatua kumi au zaidi, nikilikata shamba mshazari. Siwabanduli kwa vidole: mrija wa kinywa huwa umezama ndani ya jani, na kumvuta ni kumjeruhi. Nakata kipande cha jani akiwa juu yake, naweka kwenye boksi lenye karatasi, kivulini. Mfuko wa plastiki uliofungwa hutoa jasho, na ukifika maabara unakuta supu.

Saa 3:00. Chini ya hadubini. Aina mbili za vidukari: *Sitobion avenae* ana vijineli (vijimrija) viwili vyeusi, virefu, nyuma ya mgongo; mwili ni wa kijani au wa hudhurungi. *Rhopalosiphum padi* ni wa mviringo, kijani kilichofifia, na doa la rangi ya kutu pale vijineli vinapoota. Usipowatenganisha, majibu hayana maana. Aliyevimba na kukauka kama ganda la dhahabu ana nyigu wa kimelea ndani, huyo anatolewa. Shida ni aliyechomwa jana, kwa sababu haonekani. Ndiyo maana sampuli ya leo haipimwi leo: inakwenda kwenye vyungu vya shayiri safi, nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, mwanga wa saa 16 kwa siku. Watakaopimwa ni wa wiki zilizopita, ambao wameshazaliana.

Saa 4:00. Hesabu ya vichupa vya kioo, ambavyo ndani hupakwa dawa ili mdudu aikanyage, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme dozi ya shambani ya lambda-sihalothrini, mojawapo ya pairethroidi, ni gramu 5 kwa hekta. Hiyo ni mikrogramu 0.05 kwa kila sentimita ya mraba. Kichupa chenye eneo la ndani la sentimita za mraba 40 kinahitaji mikrogramu 2. Nikitumia nusu mililita ya asetoni, kiyeyushi cha dawa, kwa kila kichupa, mchanganyiko uwe mikrogramu 4 kwa mililita. Kwa asilimia 20 ya dozi, 0.8. Vichupa vya ulinganisho hupata asetoni tupu. Vyote huviringishwa vikiwa wazi, bila moto, mpaka asetoni ikauke kabisa; ikibaki, mvuke wake unaua hata wasioguswa na dawa. Kioo tu, tafadhali. Plastiki hunyonya pairethroidi, halafu unashangaa mbona wote wako hai.

Saa 5:00. Kwa brashi laini nawatekenya nyuma mpaka wachomoe mrija na kuanza kutembea, ndipo nawabeba. Wakubwa wasio na mabawa, 10 kwa kichupa, vichupa vitatu kwa kila dozi. Pembeni kuna kloni, yaani ukoo wa mama mmoja, inayojulikana kufa kirahisi. Bila hiyo, huwezi kujua kama dawa yenyewe ni nzima.

Saa 7:00 mchana. Wakati wa kusubiri, wachache waliohifadhiwa kwenye ethanoli wanakwenda kwenye PCR, kipimo cha vinasaba. Tunatafuta badiliko la kinasaba liitwalo kdr. Pairethroidi hushikilia wazi milango ya sodiamu kwenye neva, mdudu anatetemeka na kuanguka. Kwenye kdr, asidi amino moja ya mlango huo, nafasi ya 1014, imebadilika kutoka lusini kuwa fenilalanini, na dawa haishiki vizuri. Kwa *Sitobion avenae* liligunduliwa Uingereza mwaka 2011, mdudu akiwa na nakala moja tu ya badiliko hilo. Nakala moja inatosha kuleta shida, maana uzazi bila dume huirithisha kizazi hadi kizazi bila kuchanganywa.

Saa 10:00 jioni. Kusoma. Namgusa kila mmoja kwa ncha ya brashi. Anayetembea yuko hai. Anayechezesha miguu tu bila kusogea nahesabu amekufa. Tuseme kwenye ulinganisho wamekufa 3 kati ya 30, yaani asilimia 10, na kwenye dozi kamili wamekufa 21, asilimia 70. Kwa fomula ya Abbott, inayoondoa vifo visivyotokana na dawa: 70 toa 10, gawanya kwa 90, unapata asilimia 67. Ulinganisho ukipita asilimia 20, natupa jaribio zima. Inauma, lakini natupa.

Saa 11:30. Jibu kwa mkulima wa sampuli hizo za wiki zilizopita, kwa kloni iliyonusurika na PCR ikathibitisha kdr. Usirudie pairethroidi kwa jina jingine la dukani: angalia namba ya kundi kwenye lebo, ya pairethroidi ni 3A, na 3A ni 3A hata chupa ikiwa ya rangi nyingine. Usipunguze dozi pia. Ukirudia, utaua wadudu-kibibi wanaokula vidukari na nyigu waliokuwa wakikusaidia, na watakaobaki ni hao hao sugu. Kama idadi imefika kiwango cha kupulizia, chagua kundi jingine lililosajiliwa kwa ngano. Na yale mashina ya pembeni uliyosema hayakupata dawa vizuri, niletee sampuli yake kwenye boksi tofauti.