Uzoefu wangu: kufikisha Hiace ya kanisa vijiji vya Teso kutoka Kisumu

Safari ya misheni kutoka Kisumu hadi vijiji vya Katakwi na Amuria, mashariki mwa Uganda, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni lami: Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Busia, kisha Tororo, Mbale, Kumi mpaka Soroti. Ya pili huanza lami inapokwisha, ukaingia murram, yaani barabara ya changarawe, iliyojikunja kama mabati, yenye makorongo, udongo mweusi na vivuko visivyo na daraja. Kwa kilomita hiyo ya pili ni fupi, lakini ndiyo humeza siku na kuvunja springi. Kwa hiyo maandalizi yote mimi huyapima kwa sehemu ya pili, hata kama saa tano za kwanza nitakuwa nikiteleza juu ya lami.

Jambo la kwanza ni uzito. Hiace ya abiria 14 ikijaa watu wa kilo 70 kila mmoja, tayari ni kilo 980 kabla hujaweka hata begi moja. Ongeza jenereta, vipaza sauti, sufuria za kupikia na katoni za Biblia, springi za nyuma zinalala kabisa, na kila shimo linagonga chuma kwa chuma. Mimi hubeba watu 10 pamoja na dereva. Kiti cha nyuma kabisa nakitoa, pale panakuwa pa mizigo myepesi. Kiongozi wa kwaya akiomba nafasi mbili zaidi, jibu langu ni moja: watu wawili hao wapande basi hadi Soroti na tukutane huko, kisha waende kwa bodaboda ya kukodi.

Vitu vizito hukaa chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Katoni za vitabu zinaingia chini ya viti vya katikati, jenereta inalala sakafuni ikiwa imemwagwa petroli yote. Kwenye kariya ya juu naweka magodoro, mahema na nguo tu. Uzito ukiwa juu, gari huyumba kila gurudumu moja linapoingia korongo, na hapo ndipo magari ya misheni hulala ubavu. Kamba ya katani peke yake hulegea kwa mtikisiko. Juu yake nafunga mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kwa sababu mpira hujivuta wenyewe mzigo unapojipanga upya. Vipaza sauti huviringishwa blanketi, na dawa za kliniki hutiwa kwenye ndoo zenye vifuniko. Vumbi la murram hupenya kila kitu.

Wiki moja kabla, gari huenda kwa fundi. Namwomba aangalie bushi za springi, bolijointi, shokabsoba zinazovuja, na hasa yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli. Yubolti zikilegea, majani ya springi husuguana na kusukumana mpaka bolti ya katikati inakatika. Ikikatika, ekseli husogea nyuma upande mmoja na gari hutembea kimshazari kama kaa. Bolti hiyo ni ya bei ndogo sana, lakini ukiikosa kijijini unalala hapo. Kwa hiyo nabeba mbili, pamoja na yubolti moja na nati zake, fenibelti, mipira ya rejeta, fyuzi, waya wa kufungia, jeki yenye kibao kipana cha kuwekwa chini yake isizame, na magurudumu mawili ya akiba. Gurudumu moja la akiba halitoshi. Jiwe lililopasua la kwanza lina ndugu zake mbele.

Makaratasi ya Busia hayana ugumu ukiyapanga mapema. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi mwaka 2018, maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Mkenya mtu mzima huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Vijana wasio nacho wanahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kuna kadi mbili za njano na watu huzichanganya kila mara: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kila msafiri; nyingine ni ya bima ya COMESA, ya gari. Zote mbili zitaulizwa. Gari likiwa kwa jina la kanisa, dereva abebe barua ya idhini pamoja na nakala ya logbook, yaani hati ya umiliki wa gari. Uzuri wa upande huu ni kwamba Iteso wako pande zote mbili za mpaka, na mkalimani wa Ateso, lugha yao, hupatikana Busia au Amagoro bila shida. Mimi humweka kiti cha mbele, kwa kuwa ndiye atakayeuliza njia.

Soroti najaza tangi, kisha lami inapokwisha naanza kazi ya magurudumu. Kila tairi napunguza upepo kwa psi 5 au 6 kutoka kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Tairi laini humeza mawe madogo, lakini gari likiwa zito usizidishe hapo, maana tairi itachemka ubavuni. Ndiyo maana ninabeba pampu ndogo ya volti 12, ili nirudishe upepo kabla ya kurudi lami.

Kuhusu mwendo, wapo madereva wanaosema ukikimbia kilomita 80 kwa saa gari "linaelea" juu ya vimawimbi. Ni kweli mtikisiko hupungua, lakini tairi inayoelea haigusi barabara vya kutosha, na ng'ombe akitokea breki hazina la kushika. Mimi huenda kati ya 30 na 45, nikitafuta ukingo ambao magari hayajaukanyaga sana. Mbele ya shimo nafunga breki mapema na kuziachia kabla gurudumu halijaingia, kwa kuwa breki hubana pua ya gari chini na kumaliza nafasi ya springi kujikunja. Baada ya kilomita 50 za kwanza za murram nasimama na kukaza nati za magurudumu na yubolti. Hapo naweka mkono juu ya shokabsoba pia. Ikiwa imechemka sana, mafuta yake ndani yamepoteza nguvu, na tunapumzika dakika 20.

Abiria nao wana mahali pao. Mama wajawazito na wazee hukaa safu zilizo kati ya ekseli mbili, kwani nyuma ya ekseli ndiko kunakorusha. Kila saa moja na nusu tunashuka. Tunakula ndizi na viazi vitamu. Chipsi za mafuta huleta matapishi. Maji ni lita 3 kwa mtu kwa siku, na anayetapika au kuharisha anapewa lita 1 ya maji safi yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Madirisha ya nyuma hufungwa, kwani hewa inayozunguka nyuma ya gari huvuta vumbi ndani. Feni ya kuvuta hewa ya nje ikiwashwa, hulisukuma vumbi hilo nje.

Mvua ikinyesha, udongo mweusi hukwama kwenye matairi na gari huteleza kama kwenye sabuni. Mto ukikata barabara, mtu huingia kwanza na fimbo, na maji yakipita magoti tunangoja. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji nchini Uganda) wa kijiji kilicho karibu hujua kivuko chake kuliko ramani yoyote.

Jioni chujio la hewa linatolewa na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje. Siku ya kurudi, katoni za Biblia zimeshagawiwa na gari limekuwa jepesi, kwa hiyo linaruka zaidi kuliko tulipokuja. Hapo napunguza mwendo hadi 30 mpaka nione lami.