Usiku wa dhoruba kisiwani

Hii ilikuwa 2020, ule mwaka Ziwa Victoria lilijaa mpaka likapita rekodi ya 1964, mimi bado nachukua dagaa visiwa vya Ukerewe naleta soko la Kirumba, Mwanza. Kisiwa chenyewe kidogo, mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ulishamezwa na maji, mabanda ya mabati na maturubai yamesogezwa juu mpaka yamebanana na mawe, pengine pa kwenda hamna.

Tulikuwa kwenye giza, zile siku mwezi hauonekani, na wanaojua dagaa wanajua giza ndo kazi, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa. Kwahiyo mitumbwi karibu yote iko ziwani, kambini tumebaki akina mama, watoto na sisi wachuuzi. Kama saa tisa usiku upepo ukageuka. Victoria ndo lilivyo, mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unarudi, wa Kenya, wa Uganda na wa kwetu unakutana katikati juu ya maji yenye joto, ndo maana dhoruba nyingi zinapiga kabla ya alfajiri, watu wakiwa kazini. Utabiri kwenye simu ulikuwa umeandika mvua za hapa na pale, basi.

Bati letu likang'oka likapotelea huko, radi mfululizo. Mama mmoja mwenyeji akapiga kelele, "Tokeni kwenye mti jamani, chuchumaeni huku!" tukajibana bondeni, nina mtoto mgongoni ambaye mpaka leo sijui nani alinipa. Ila mvua haikunitisha, kilichonitisha ni taa. Muda mfupi nyuma ziwa lilikuwa limejaa taa za sola, sasa hamna hata moja, na wenye waume huko hawasemi neno.

Kulipokucha wakaanza kurudi, wengine wamekata nyavu ili waokoe mtumbwi. Mtumbwi mmoja haukuonekana mpaka jioni ikaja simu, upepo umewatupa kisiwa kingine, wote wazima, injini ndo imeenda. Hapo ndo watu wakalia, usiku kucha hakulia mtu.

Dagaa waliokuwa kichanjani wamelowa chapachapa, na tajiri wao eti anataka bei ya wakavu! Nikamwambia, "Bosi, hawa sasa ni chakula cha kuku." Tukavutana weee, mwisho akashusha, nikawaanika upya juu ya mawe, boti la Nansio nikaliacha liende.