EJ20 ya turbo (injini ya Subaru): belti mpya imeingia, nguvu imeondoka

Jumamosi
Leo nimefunga belti ya taimingi, ile inayofanya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamu (shafti zinazofungua valvu) ziende pamoja, na kwa vile mbele yote nshafungua nikabadilisha na wota pampu, thamostati na puli ndogo zote belti inapopitia, maana ukiacha ya zamani beringi yake ikija kufa inaondoka na belti mpya, na hii injini belti ikiachia pistoni zinagonga valvu. Tenshena, kile kinachokaza belti, nimeibana kwenye jiriwa taratibu mpaka vitundu vikalingana nikachomeka pini. Jasho limenitoka kwenye alama za kupanga belti. Puli ya kranki ina mshale na ina kijistari, sasa mtu anakimbilia mshale kwa sababu ndo unaoonekana, kumbe mshale ni wa pistoni kuwa juu, wa kufungia belti ni kijistari, hapo pistoni zote nne zinakaa katikati ya silinda. Hilo nalijua, nikajiona fundi kweli. Giza likaingia, nikafunga makava.

Jumapili
Imewaka kwa mara moja. Dakika kumi mbele mshale wa temperecha unapanda na hita inapuliza baridi, nikazima hapo hapo. Hewa hiyo. Kwenye turbo hewa kwenye maji sio ya kuchezea, turbo nayo inapoozwa na maji hayo hayo. Nikaacha ikapoa, nikajaza pole pole kupitia kile kitangi cha juu huku naminya paipu za rejeta, hita nimeweka mwisho, ikaunguruma hadi feni zikawaka zikazima mara mbili na mapovu yakaisha.

Jumanne
Barabarani haivuti!! Zamani geji ya turbo ilikuwa inaamka injini ikifika raundi 3,000 kwa dakika, leo mpaka karibu 4,000 ndo inajikongoja, afu ikisimama inatetemeka. Taa ya cheki injini nayo ikawaka, kodi (namba ya hitilafu) P0016. Mimi akili yote ikaenda kwenye turbo, nikaona basi imekufa. Nikatoa paipu, nikashika shafti kwa vidole: inacheza kidogo pembeni, hiyo kawaida kwa sababu inaelea kwenye oili, ila mbele nyuma haichezi, mapanga hayajagusa nyumba yake, oili haijatuama kwenye paipu, klipu za intakula (kipoza hewa ya turbo) zote zimebana. Turbo nzima kabisa yani. Ndo nikakaa chini nikaisoma ile kodi vizuri (ningeanza na hilo), inasema kranki na kamu hazikubaliani.

Alhamisi
Nimefungua tena makava. Nikazungusha kranki kwa spana raundi mbili, kamu inazunguka moja kwenye mbili za kranki, na usishtuke michoro ya kwenye belti haitarudi ilipokuwa, we angalia alama za puli tu. Kamu ya inteki (ya valvu za kuingiza hewa) upande wa kulia, jino moja nje. Jino moja! Belti iliruka nilipochomoa pini ya tenshena, na hizi raundi mbili za mkono ndo zingenionyesha siku ile ile, nikaziruka kisa giza. Valvu zikifunguka nje ya wakati silinda haijai vizuri, moshi unatoka mnyonge, na turbo inazungushwa na moshi huo huo, ndo maana ilikuwa inachelewa na mimi namsingizia asiyekuwepo.

Nimerudisha kwenye alama, nimezungusha mara mbili, nikazungusha tena mbili nyingine kwa woga. Nikapima kompresheni (mgandamizo) silinda zote nne, zimekaribiana, valvu hazijapinda.

Jumamosi
Nimefuta kodi, nimeenda mlimani nimerudi. 3,000 geji inaamka kama zamani. Nilipofika nikaiacha iungurume dakika mbili kabla ya kuzima, imetoka kupanda na turbo ilikuwa ya moto sana, oili ikisimama ndani ya moto ule inaungua inageuka masizi. Temperecha imetulia katikati. Kinachobaki ni mlio wa belti ya alteneta asubuhi, nimeilegeza zaidi wakati narudisha, hiyo kesho.