Kuuza sofa kwa mteja aliye mbali kwa AR ya simu yake

Mteja wa sofa aliye mbali ana maswali mawili ambayo picha ya Instagram haimjibu: itaenea? Na ikishakaa, tutapita wapi? Kazi ya AR, teknolojia inayoweka kitu cha kuchorwa juu ya kile kamera inachokiona, ni kujibu hayo mawili tu. Rangi, ulaini wa sponji na uimara wa mbao vina njia zake. Ninauza makochi na vitanda vinavyotengenezwa Dar es Salaam kwa wateja walio mikoani, na kwa walio Muscat au London wanaojenga huku. Huu ndio utaratibu ninaoutumia.

Mwanzo ni modeli, yaani umbo la 3D la sofa lililochorwa kwa kompyuta. Siskani kochi kwa simu, kwa sababu skani hutoa faili zito, ngozi inayong'aa huisumbua, na vipimo vyake si vya kuaminika. Nachukua futi kamba naipima sofa mwenyewe ikiwa imeshavalishwa kitambaa. Mchoro wa fundi unaonyesha fremu tu, na sponji huongeza sentimita kadhaa kila upande. Kisha nachora kwenye Blender, ambayo ni programu ya bure, kipimo kikiwa mita. Faili la glTF (muundo wa faili za 3D) husomwa kwa mita, kwa hiyo sofa ya sentimita 220 lazima iwe 2.2. Kabla ya kulitoa faili mambo matatu huangaliwa: ukubwa umethibitishwa kwa Ctrl+A, kitovu cha modeli (nukta inayoiweka sakafuni) kiko chini katikati ya miguu, na nyuso zote zinatazama nje. Ukiacha kitovu katikati ya mto, nusu ya sofa inaweza kuzama sakafuni. Uso uliogeuka ndani unaweza usionekane kabisa, na mteja akaona tundu kwenye mkono wa kochi.

Natoa faili la GLB (glTF iliyofungwa katika faili moja), pembetatu zinazojenga umbo zisizidi 50,000, picha ya kitambaa ya pikseli 1024 kwa 1024, uzito usiozidi megabaiti 4. Mteja anatumia bando lake mwenyewe. Faili la megabaiti 20 litamchosha kabla hajaona chochote.

Modeli inakaa kwenye ukurasa wa tovuti wenye HTTPS, ukitumia model-viewer, kipande cha msimbo cha bure kutoka Google. Kwenye Android kinaweza kufungua Scene Viewer, kwenye iPhone kinafungua Quick Look, ambavyo ni vionyeshi vya AR vya simu hizo, na faili la USDZ ambalo iPhone inalitaka kinalitengeneza chenyewe. Kati ya vipengele vyake, usisahau `ar-scale="fixed"`. Bila hicho mteja anabana vidole viwili, sofa inapungua hadi inaenea vizuri, naye anaagiza kitu ambacho sebule yake haina nafasi nacho. Kwa rafu ya ukutani weka `ar-placement="wall"`.

Kabla ya kupiga simu naulizia simu yake. iPhone 6s na zilizofuata, zenye iOS 12 au zaidi, zinafaa. Android lazima iwe kwenye orodha ya simu zinazokubali ARCore, mfumo wa AR wa Google, na iwe na Google Play Services for AR. Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kihisi cha mzunguko wa simu, na bila hiyo hakuna AR. Linki naituma WhatsApp, si Instagram, kwa sababu kivinjari kilichomo ndani ya Instagram mara nyingi hukataa kufungua AR. Ikibidi, mteja achague kufungua kwa Chrome au Safari. Namwomba pia vipimo vitatu vya futi kamba: urefu wa ukuta, upana wa sebule, na uwazi wa mlango ukiwa wazi. Hivyo vya futi kamba ndivyo vinavyoingia kwenye oda. AR inaweza kukosea kwa sentimita kadhaa.

Kwenye mazungumzo situmii simu ya video wakati wa AR. Kamera ni moja, na programu mbili zikiigombania, mojawapo hukwama. Tunaongea kwa sauti tu, mteja akiwa kwenye spika, anapiga picha kwa kitufe kilichomo ndani ya AR yenyewe na kunitumia hapohapo. Mwenye pesa akiwa Muscat na nyumba ikiwa Mbezi, simu inashikwa na ndugu aliyepo nyumbani, na picha zinaingia kwenye kundi letu la watu watatu.

Hatua inayoshinda wengi ni ya kutafuta sakafu. Watu husimama wakaizungusha simu huku na huku. Haisaidii. Simu hukadiria umbali kwa kulinganisha sehemu ileile ikionwa kutoka mahali pawili tofauti, kwa hiyo inabidi isogee. Mimi husema hivi: "Dada, elekeza kamera sakafuni kama unapiga picha ya miguu yako. Sasa tembea hatua mbili kushoto, taratibu, halafu rudi kulia."

Ikishindikana, ukute ni tailizi nyeupe zinazong'aa, na nyumba zetu nyingi ndivyo zilivyo. Kamera inatafuta alama za kushikilia, na kigae cheupe hakina alama. Mwanga wa dirisha unaoakisiwa nao huhama kila simu inapohama, ukaipotosha zaidi. Dawa ni kanga. Itandikwe pale sofa itakapokaa, mji wake na pindo vikionekana vizuri, na simu itaikamata sakafu mara moja. Mkeka wenye nakshi nao unafaa. Kanga isiondolewe hadi picha ziishe, vinginevyo sofa huanza kuteleza. Usiku washeni taa zote, au tuahirishe hadi asubuhi.

Kochi la zamani litolewe. Kwenye baadhi ya simu sofa ya AR huchorwa juu ya kila kitu, na meza iliyo mbele yake itaonekana kana kwamba iko nyuma. Kama halitoki, tunaiweka sofa sehemu nyingine iliyo tupu na kuangalia ukubwa tu.

Kwenye modeli zangu nimeongeza kitu ambacho ningependa kila muuzaji akiongeze: ukanda mwembamba wa kijani sakafuni, upana wa sentimita 80, mbele ya sofa. Hiyo ndiyo njia ya kupita. Ukanda ukigonga kabati la TV, mteja anaona mwenyewe bila mimi kumshawishi. Ila kati ya sofa na meza ya katikati sentimita 45 zinatosha.

Sofa za L zinataka uangalifu wa peke yake. "Upande wa kulia" ni kulia ukiwa umekaa, au ukiwa umesimama ukiitazama? Fundi na mteja wanaweza kukubaliana kwa neno moja wakiwa na sofa mbili kichwani. Kwa hiyo kila L ina mafaili mawili, la kulia na la kushoto, kila moja na linki yake, na oda inaandikwa kwa picha ya AR ambayo mteja ameikubali. Picha hiyohiyo ndiyo anayopewa fundi.

Rangi hatuichagui kwa AR hata mteja akisisitiza. Kamera hurekebisha weupe yenyewe, taa ya manjano na taa nyeupe ya mwanga wa baridi hubadilisha kijivu kuwa vitu viwili tofauti, na kioo cha simu huongeza chumvi yake. Natuma vipande vya kitambaa vya sentimita 20 kwa 20 kwa basi, mteja aviweke ukutani mchana na usiku. Akichelewa kuchagua, kazi ya fremu inaendelea.

Mlango nao una modeli yake: sanduku tupu lenye vipimo vya sofa ikiwa imesimamishwa kwa ubavu, ambalo mteja analiweka koridoni na kwenye kona ya ngazi. Miguu inayofunguka ikitolewa, kimo cha sofa kinapungua. L husafirishwa vipande viwili, kwa hiyo napima kile kikubwa. Uwazi wa mlango hupimwa kutoka fremu hadi ubao wa mlango uliofunguliwa, kwa sababu mlango unaofunguka nyuzi 90 tu hula unene wake na kitasa.

Mwenye simu isiyo na AR hatumwachi. Namtumia vipimo, anabandika tepu ya karatasi sakafuni kwa umbo la sofa pamoja na ule ukanda wa sentimita 80, anarundika mito hadi kimo cha mgongo wa sofa, kisha anapiga picha kutoka mlangoni, simu ikiwa usawa wa macho. Kwa vitanda hiyo hutosha kabisa, mradi akumbuke kwamba sita kwa sita ni ukubwa wa godoro, yaani sentimita 183 kwa 183, na fremu na ubao wa kichwani vinaongezeka juu ya hapo.